Wanauliza bei kisha wanapotea: niliyojifunza kwa kuuza mtandaoni

Mkuu, umesema watu wanaangalia picha za bidhaa zako, wanauliza bei, halafu kimya, na umehitimisha kwamba hawana pesa. Mimi nauza mikoba mtandaoni mwaka wa sita sasa. Miaka miwili ya mwanzo niliamini hivyohivyo, nikawapoteza wateja waliokuwa tayari kununua.

Dukani mtu anashika ngozi, anavuta zipu, anamtazama muuzaji usoni. Mtandaoni ana picha na maneno yako tu, kwa hiyo kinachomsumbua ni atapoteza nini ukimdanganya. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza jambo hili mwaka 1979: uchungu wa kupoteza hutuingia zaidi kuliko furaha ya kupata kitu cha thamani ileile. Nilipolielewa niliacha kushusha bei kila wiki (bei ikishuka mno, mashaka ndiyo hupanda) nikashughulikia hofu. Nikapiga picha za ndani ya mkoba, za mshono, hata za doa kama lipo. Nikaweka bei wazi badala ya "njoo inboksi". Nikaandika kwamba mzigo ukifika tofauti na picha, unaurudisha na pesa yako unapewa. Waliorudisha ni wachache sana. Walioniambia kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyowafanya walipie ni wengi.

Kisha kuna macho ya wengine. Asiye na uhakika hutazama waliotangulia wamefanya nini. Mwaka 2006 mtafiti wa jamii Matthew Salganik na wenzake walichapisha jaribio lililohusisha watu zaidi ya 14,000 na nyimbo za wanamuziki wasiojulikana. Walioonyeshwa idadi ya waliopakua walifuata wingi, na wimbo uliovuma kundi moja haukuwa lazima uvume kundi jingine. Jaribio jingine, la 2013, lilionyesha kwamba kura moja tu ya kupongeza, iliyopachikwa na watafiti kwenye maoni ya mtu, ilipandisha alama zake za mwisho kwa wastani wa asilimia 25.

Najua unachowaza ukisoma hayo, kwa sababu na mimi nilikiwaza. Niliandika "zimebaki mbili tu" huku stoo ikiwa imejaa. Siku hiyo niliuza vizuri. Wiki iliyofuata nikabandika tangazo lilelile, na dada mmoja aliyenunua kwa haraka akaandika chini yake, mbele ya watu wote: "Zile mbili si nilichukua moja?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi hapohapo hadharani, lakini hakununua tena, na sijui wangapi walisoma wakaondoka kimyakimya. Tangu siku hiyo, nikisema zimebaki mbili, zimebaki mbili. Naomba sana usipite njia hiyo, wala usinunue wafuasi. Waombe wateja wa kweli picha wakiwa na mzigo wao, hata wakiwa watano tu.

Umesema pia wapo wanaokutukana kwenye maoni. Kuhusu hao: mwanasaikolojia John Suler aliandika mwaka 2004 jinsi watu wanavyojiachia mtandaoni kwa sababu hawaonekani na hawaoni uso wa wanayemwambia. Hali hiyohiyo humfanya mwingine akueleze shida ambayo asingeisema ana kwa ana, kwa hiyo usifunge maoni. Mimi hujibu mara moja, kwa upole, hadharani, kisha naomba namba nimpigie. Mtu aliyeniita mwizi kwa maandishi aliposikia sauti yangu alipoa ndani ya dakika moja, tukagundua anwani ya kupokelea mzigo ilikosewa. Na jibu lile la hadharani, Mkuu, wanalisoma wengi ambao hawatakuandikia kamwe.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Nakili hapa neno kwa neno unachomjibu mtu anapouliza bei. Nahisi tatizo lako liko hapo, na nitakusaidia kulirekebisha.