ULIZA TUKUJIBU: Yule mtu wa uso wa kijani ni nani?

SWALI: Habari za kazi. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu, mwanaume wa Kihindi kapakwa uso kijani kabisa, kavaa sketi imejaa kama puto, hasemi neno, anazungusha macho na vidole tu huku ngoma zinalia nyuma. Wengine wanasema ni jini, wengine Bollywood. Na hayo macho mekundu, anavuta nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Sio jini ndugu yangu, na Bollywood haihusiki. Hiyo ni Kathakali, ya Kerala, kusini magharibi mwa India, pwani ileile ya Malabar ambako majahazi yalikua yanatoa mbao kuleta kwetu. Katha ni hadithi, kali ni mchezo, sio kali ya pilipili. Ilianza karne ya 17, na visa vyake vingi vinatoka kwenye Ramayana na Mahabharata, zile tenzi ndefu za Wahindu zenye miungu, wafalme na vita vya ndugu kwa ndugu.

Hasemi kwa sababu kusema sio kazi yake. Nyuma kuna waimbaji wawili, mmoja na upatu mwingine na matoazi, wao ndo wanaimba maneno yote, na yeye anayageuza kuwa vidole, nyusi, macho mpaka mashavu. Ishara za msingi za mkono ziko 24, ukiziunganisha unapata sentensi nzima. Kuna kipande Bhima, shujaa wa Mahabharata, yuko porini anamtafutia mkewe ua, anaona chatu kamdaka tembo mguu huku simba kamrukia kichwani, sasa huyohuyo mchezaji mmoja anakua tembo, anakua chatu, anakua simba, anarudi kua Bhima anaeshangaa, na hajatoka hapo aliposimama!

Rangi ndo inakwambia nani ni nani. Kijani ni watu wema, kina Rama, Krishna, Arjuna. Ukiona kijani lakini kuna alama nyekundu imepinda shavuni na kidude cheupe kwenye ncha ya pua, hao wanaitwa kathi, maana yake kisu (kadhi wetu asikasirike), ni wababe wenye kiburi kama Ravana, adui wa Rama. Ndevu nyekundu ni mkorofi kabisa, ndevu nyeupe ni Hanuman, yule nyani anaemsaidia Rama. Kwa hiyo wa kwenye klipu yako ni mtu mzuri, mmemsingizia bure.

Macho sasa. Kuna mmea wa jamii ya bilinganya, kwenye ua lake wanatoa kitu kidogo mfano wa mbegu, wanakisugua kiganjani kisha wanakiweka ndani ya kope la chini, baada ya muda jicho linakua jekundu. Basi, hamna kuvuta.

Mimi niliona kwa macho yangu, nilimpeleka mama yangu kutibiwa Kochi, mji wa hukohuko Kerala, jioni moja tukaenda Fort Kochi kwenye ukumbi wa watalii ambapo ukiwahi wanakuruhusu uangalie wanavyopakwa. Mchezaji kalala chali kwenye mkeka, fundi anamjengea ukingo mweupe kuzunguka taya, uji mzito wa mchele na chokaa, safu juu ya safu, saa zinaenda, mwenzetu kasinzia mpaka anakoroma. Mama akaninong'oneza, "huyu akipiga chafya tu kazi yote imekwisha".

SWALI: Asalam aleikum. Binti yangu anasoma huko Kerala, kaalikwa na wenzake kwenda kuangalia hiyo Kathakali. Sisi Waislamu, huwa wanaruhusu watu wa dini nyingine? (Mama mmoja, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salam mama. Fatwa muulize shehe, mimi nakujibu ya mlangoni tu. Mahekalu mengi ya Kerala asie Mhindu haingii ndani, kwa hiyo aulize kwanza inachezwa wapi, kama ni ukumbini hamna shida. Na asidhani Waislamu wako mbali na mambo hayo, mmoja wa waimbaji wakubwa wa Kathakali alikua Muislamu, Kalamandalam Hyderali, kafariki 2006. Alisomea kwenye kile chuo cha sanaa alichoanzisha mshairi Vallathol mwaka 1930, akaimba hadithi za Rama na Krishna maisha yake yote, na bado kuna mahekalu alikua hakaribishwi kwa sababu ya dini yake. Mi hiyo inanikera mpaka leo.

Ya hekaluni inakesha mpaka alfajiri, abebe shali, na kisa akijue kabla, la sivyo atalala saa sita tu.

SWALI: Wanangu wameona kipande mtu anatolewa utumbo halafu mwanamke anapakwa damu kwenye nywele. Wamelia usiku kucha. Hiyo nayo sanaa? (Baba wa watatu, Morogoro)

JIBU: Pole baba. Ni hiyohiyo Kathakali, na huyo mwanamke ni Draupadi wa kwenye Mahabharata. Ana waume watano, mkubwa wao akampoteza kwenye kamari, Dushasana, binamu yao, akamburuta kwa nywele mbele ya watu na kutaka kumvua nguo, Draupadi akaapa hafungi nywele mpaka azipake damu ya huyo mtu. Anaetoa utumbo ni Bhima, mmoja wa hao waume, anatimiza kiapo. Kwenye mchezo wa usiku kucha kipande hicho kinakuja usiku umeshaenda sana, watu wamekesha wanakisubiri.

Na huyo dada aliewaliza wanao mara nyingi ni mwanaume, zamani ndo ilivyokua, marehemu Kottakkal Sivaraman alipata jina kwa kucheza wanawake. Kina mama wa Tripunithura, mji jirani na Kochi, nao wakaanzisha kundi lao mwaka 1975, wakawa wanacheza mpaka hao wababe wenyewe.

Utumbo ni vitambaa vimechovywa rangi, waambie hivyo walale.