Lyra, Kanisa na Kabati la Vitabu

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, nilipokuwa kidato cha tatu hapa Mwanza, mwalimu wangu wa Kiingereza aliniazima vitabu vitatu vya Philip Pullman vinavyojulikana kwa pamoja kama His Dark Materials, nami nikampenda Lyra, msichana anayeongoza hadithi hiyo, kama ndugu yangu wa damu. Mwezi uliopita, nikiwa ndani ya meli ya kwenda Nansio, nilianza kuvirudia, na safari hii nikashtuka: adui ni Kanisa, na anayeitwa Mungu anakufa. Mimi ni mwanakwaya na mume wangu ni mzee wa kanisa. Je, utotoni nilipumbazwa, au sasa ninasoma kwa woga? Binti yetu wa miaka 13 ameshaviona vitabu hivyo kabatini.
Msomaji, Kirumba

JIBU: Hukupumbazwa, dada. Msichana wa kidato cha tatu humfuata Lyra, humfuata dubu mwenye deraya, na humwonea kila mhusika wivu kwa kuwa na nafsi inayotembea kando yake katika umbo la mnyama. Mambo ya mabaraza ya kanisa huyaruka. Aliyekwisha kuishi ndani ya kanisa ndiye anayeusikia uzito wake. Wala sitakufariji kwa kusema kwamba vitabu hivi havina ugomvi na dini. Vinao, na Pullman hajapata kuuficha.

Ila tuangalie anagombana na nini. Katika dunia ya Lyra, Calvin, yule mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, alipata kuwa Papa akahamishia makao Geneva, na alipokufa upapa ukafutwa, nafasi yake ikashikwa na mabaraza yanayoviziana ambayo kwa jumla huitwa Magisterium. Mkatoliki atalitambua jina hilo kuwa ni la mamlaka fundishi ya Kanisa lake, lakini Mprotestanti naye asikae raha, maana Calvin si wa Wakatoliki. Watu wa mabaraza hayo wanaiogopa Vumbi, chembe za ajabu ambazo wanaamini ndizo dhambi, kiasi cha kuwatenga watoto na nafsi zao kwa kisu.

Sasa rudia ile sehemu ya kitabu cha tatu, cha mwaka 2000, inayokutisha. Huyo anayeitwa Mamlaka si muumba. Ni malaika wa kwanza aliyewadanganya wenzake kwamba ndiye aliyewaumba, na sasa ni kikongwe aliyefungiwa ndani ya kioo huku mwingine akitawala kwa jina lake. Lyra na rafiki yake Will hawamwui. Wanamwona analia, wanamhurumia, wanamsaidia kutoka bila kujua ni nani, naye anayeyuka hewani kama aliyetuliwa mzigo. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilikumbuka vita tu. Huruma ile niliiona mara ya pili.

Ninapomlaumu Pullman ni kwingine. Katika kurasa zake zote ni vigumu kumpata mtumishi wa Kanisa aliye mwema, na Mary Malone, aliyekuwa mtawa, anapewa wema wake akiwa ameshaondoka utawani. Wewe unayeiona Bugando kilimani kila siku, hospitali ya maaskofu Wakatoliki, una haki ya kumuuliza watu wa namna hiyo amewaweka wapi, hasa kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na babu kasisi wa Kianglikana. Wapo viongozi wa dini waliokubali kuulizana naye ana kwa ana: mwaka 2004 Rowan Williams, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alikaa naye jukwaani London wakajadiliana kwa heshima.

Kuhusu binti, kufunga kabati hakutafaa. Ukerewe uliyokuwa ukiiendea ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi, ambaye riwaya yake ya 1971, Rosa Mistika, ilipigwa marufuku shuleni, na bado inasomwa hadi leo. Mpe kitabu cha kwanza sasa. Cha tatu kisubiri kidogo, na akifika katika nchi ya wafu msome pamoja, na baba yake akipenda awepo, kwa sababu hapo ndipo maswali yatakapokuja mengi na mengine yatamhusu yeye mzee wa kanisa. Jambo moja tu mwandae nalo mapema, bila kumwambia ni lipi: yale yanayompata Roger, rafiki wa Lyra, mwishoni mwa kitabu cha kwanza. Mimi hakuna aliyenionya.