Muulize Fundi: Aqua, Leaf au IST ya gesi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi Muhimbili, nafanya kazi kwa zamu, na nimepanga Chanika. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 70. Nimechoka kugombania daladala. Hela niliyonayo inatosha gari la mtumba kutoka Japani: Toyota Aqua ya haibridi (petroli na umeme pamoja), Nissan Leaf ya umeme, au IST ambayo nitaifunga gesi. Mume wangu anang'ang'ania Leaf kwa kuwa hainywi mafuta kabisa. Nichukue lipi?
*Mama Wawili, Chanika*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na la mumeo, maana ndilo jepesi kulimaliza. Hapo mlipopanga, LUKU ni yenu peke yenu au mnachangia na wapangaji wengine? Kama mita ni moja, siku utakayochomeka gari usiku kucha ndiyo siku ugomvi utakapoanza.

Hata mkiwa na mita yenu, Leaf za mwanzo zenye betri ya uniti 24 hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, na joto la Dar es Salaam linaichosha mapema. Kwenye dashibodi, pembeni ya geji ya chaji, kuna vijiti 12 vidogo. Kikipotea cha kwanza tu, asilimia kama 15 ya uwezo imeshaondoka. Kuna wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya betri kwa kompyuta ili vijiti vyote virudi. Unanunua, unaendesha kidogo, vinaanza kudondoka kimoja baada ya kingine. Leaf iliyobaki na vijiti vinane, kwa kilomita 70, AC na foleni ya Gongo la Mboto, ni kubahatisha. Mwenye nyumba yake Mikocheni, ambaye safari yake fupi inaishia Posta, ningemwambia achukue hata leo.

Sasa Aqua. Bei yake sokoni ni nzuri kwa sababu watu wanaiogopa betri, na betri yenyewe inaonewa. Kwenye foleni injini inazima, gari linasogea kwa umeme, na brek pedi zinakaa sana kwa sababu mota inasaidia kupunguza mwendo. Kinachoua betri nyingi ninazoletewa hapa gereji Tabata ni vumbi. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna kava la matundu ambako feni inavuta hewa ya kuipoza betri. Juzi nimefungua moja iliyokuja na taa ya haibridi imewaka: feni imevaa vumbi zito kama blanketi, ndani yake nywele na vipande vya maandazi ya watoto. Ukienda kukagua Aqua, anza na kava hilo kabla hujasifia rangi.

Lakini wewe, mwanangu, nakushauri IST ya gesi. Piga hesabu na mimi: siku 25 kwa mwezi ni kilomita 1,750. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. IST ya petroli, kwa kilomita 14 kwa lita, itakula kama 375,000. Aqua, kwa kilomita 21, itakula 250,000. Kilo moja ya gesi inaitembeza IST kama kilomita 20, na kwa bei ya 1,550 unatumia karibu 136,000. Kufunga mfumo ni kama milioni mbili. Chini ya miezi kumi imerudi.

Tatizo la gesi ni foleni ya vituoni, na hapo ndipo zamu zako zinapokuokoa. Mwenye kazi ya saa mbili hadi saa kumi anapanga mstari na bajaji zote za mji. Wewe jaza usiku ukitoka zamu ya jioni. Buti utalisahau, mtungi unalichukua. Usiache tenki la petroli likauke, kwa sababu gari linawaka kwa petroli kwanza, na pampu inapozwa na petroli hiyohiyo. Kwa fundi anayefunga, dai cheti cha mtungi na uangalie tarehe ya kupimwa. Asiyekuwa nacho, ondoka.

SWALI: Fundi, hii gesi ya gari ni tofauti na ya jikoni? Nina mtungi mkubwa nyumbani.
*Dereva, Mbagala*

JIBU: Tofauti kabisa, na usijaribu! Ya gari ni gesi asilia, ya Songo Songo na Mtwara, inashindiliwa hadi mgandamizo wa baa 200. Ya jikoni inakaa kama kimiminika kwa mgandamizo mdogo sana, na ikivuja inatambaa chini badala ya kupaa. Mtungi wako urudishe jikoni ukapikie maharage.

SWALI: Nina Aqua, nakaa Iringa. Nikishuka Kitonga betri inajaa pomoni, kisha injini inaanza kunguruma yenyewe. Inaharibika?
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Haijaharibika. Betri ikijaa haina pa kupeleka umeme unaotengenezwa ukishuka, kwa hiyo gari linaizungusha injini ili izuie mwendo. Wewe weka gia kwenye B kabla ya kona ya kwanza, uache brek zipumue. Na nyuma ya malori, kaa mbali.