Wanafunzi wakinyamaza kando ya kitanda cha mgonjwa

Dada Daktari, umesema wanafunzi wako wa udaktari hapo Arua, Uganda, hunyamaza ukiwauliza swali wodini, na wagonjwa huenda nyumbani bila kuelewa dawa zao.

Anza na kimya chako mwenyewe. Wengi wetu tukishauliza hatungoji, tunajijibu. Hesabu mpaka tano kimoyomoyo. Sekunde hizo zinachosha, najua! Kisha uliza, "Unadhani ana nini?" na baadaye, "Umeona nini hata ukasema hivyo?" Mwachie mwanafunzi funzo moja tu, msifu alipopatia, na kosa lake mrekebishe mkiwa pembeni. Mimi mkubwa wangu alikuwa akinifokea mbele ya wagonjwa. Nilichojifunza ni kusimama nyuma ya wenzangu warefu.

Kuhusu wagonjwa, piga marufuku swali la "Umeelewa?" Jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Mwanafunzi aseme, "Mama, ukifika nyumbani utamwelezaje mzee dawa hizi zinavyomezwa?" Mama mmoja aliandikiwa vidonge vya malaria, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Alipoulizwa hivyo akajibu ataacha homa ikishuka, vinavyobaki amwekee dada yake. Dozi ilikuwa imeandikwa sawasawa kabisa.

Mgonjwa asiyejua Kiswahili, atafsiriwe na mwanafunzi anayejua Kilugbara, lugha ya huko, sentensi kwa sentensi. Ukiona mgonjwa kaongea dakika mbili na tafsiri ni "anaumwa tumbo", warudishe mwanzo.