Klachi ikipata moto inakataa? Usikimbilie kununua pleti

Juzi kijana mmoja wa Busia ameniandikia: "Kaka, pikipiki asubuhi iko sawa kabisa, ikifika saa saba na jua hili klachi inakataa, fundi anasema ninunue pleti, nifanyeje?" Nimesoma nikanyamaza kidogo, maana hiyo habari ni yangu mwenyewe na imenilia pesa za miezi mitatu.

Mimi niko steji hapa Mbale. Wakati ule nilikuwa bado nalipa mkopo wa pikipiki kila wiki, na safari zenye pesa ni zile za kupanda Kapchorwa. Anayeijua hiyo barabara anajua, mpaka Muyembe unaenda tu, halafu mlima unaanza na kona zake mpaka Sipi. Siku hiyo nimebeba mama na gunia lake la sukari, Mbale nimetoka vizuri, kufika kona za juu injini inalia sana lakini pikipiki haiendi, narudisha gia ya pili, ya kwanza, inalia tu. Mama akashuka akapanda boda nyingine, hakunilipa na sikumdai. Nimekaa kando ya barabara kama saa nzima, kuwasha tena ikapanda kama haijawahi kuumwa. Ndio maana ugonjwa huu unadanganya watu, ukifika kwa fundi imeshapoa, anaizungusha pale uwanjani anakwambia iko sawa.

Fundi wangu akaweka pleti mpya, zile sahani za klachi zinazobanana kupeleka nguvu ya injini kwenye gia. Wiki mbili, yaleyale. Akaweka springi, yaleyale. Mara ya tatu akasema mbele ya wenzangu kwamba shida ni mimi, naendesha nimeshikilia klachi nusu. Ni kweli mlimani nilikuwa na tabia hiyo badala ya kushusha gia mapema, nakubali na nimeiacha, lakini pesa yangu amekula mara tatu bila kuuliza hata siku moja ndani kuna oili gani. Mpaka leo nikipita pale sisimami.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Tororo, na hakuanza na spana. Pikipiki ikiwa bado ya moto ameshika liva ya klachi kwa vidole viwili, waya umekaza, hauna mchezo hata kidogo, yaani ile nafasi ndogo ya liva kusogea kabla waya haujaanza kuvuta. Maana yake klachi ilikuwa imebanwa nusu muda wote hata mimi nikiwa nimeachia. Halafu akataka kuona chupa ya oili. Ilikuwa ya gari, nimeuziwa dukani kwa sababu ni rahisi. Sasa elewa hapa: pleti za pikipiki zetu zinaogelea kwenye oili ileile ya injini, na oili nyingi za gari, hasa nyepesi za kuokoa mafuta, zina dawa ya kupunguza msuguano. Gari ya gia za mkono haiumii, klachi yake iko kavu, lakini pleti zetu bila msuguano hazishiki. Tafuta kwenye chupa herufi JASO MA au MA2, hiyo ni alama ya oili inayofaa klachi inayoogelea. MB usiweke, hiyo ni ya msuguano mdogo. Tulimwaga ile oili, na pleti zilizoishi ndani yake nikabadilisha kwa mara ya mwisho.

Kwa hiyo mdogo wangu, kwanza jua unaumwa nini. Injini inalia na mwendo hauongezeki, hapo klachi inateleza: angalia mchezo wa waya, angalia oili, ndio ufikirie pleti na springi. Lakini kama umebana liva mpaka mwisho na pikipiki bado inataka kwenda, nyutro haipatikani mpaka uzime, hiyo ni kinyume, klachi haiachii. Hapo waya huenda umelegea sana, oili imechoka, au zile pleti za chuma zimepinda kwa joto. Mchezo uwe milimita 2 hadi 3 hapo liva inapoanzia, upime asubuhi, upime tena ukitoka safari ndefu, maana joto linaubadilisha. Na waya utie oili, mkavu unakwama.

Vijana, tuache kumwachia fundi kila kitu. Pikipiki ndiyo inalisha watoto, inalipa ada, na wewe hujui hata oili uliyoweka inaitwaje? Soma chupa. Uliza. Fundi akikasirika kwa sababu umeuliza, mwondokee.

Wewe wa Busia, usifungue kitu leo. Nenda nayo mpaka ipate moto, shika liva, halafu nitumie picha ya chupa.