Swali la lugha: Usalama, ulinzi na uhakikisho katika hati za uhandisi

Swali: Ninaongoza wahandisi wanaobuni na kufunga mifumo ya kudhibiti milango, kamera na ving'ora katika mitambo ambayo hitilafu yake inaweza kuua watu. Katika hati zetu, neno "usalama" hutumika kwa kuwakinga watu na ajali na pia kwa kuzuia wavamizi. Zaidi ya hapo, wengine huandika "uhakiki", "uthibitishaji" na "uhakikisho" kana kwamba ni neno moja. Tuandike vipi?

Jibu: Neno "usalama" limebeba maana hizo mbili kwa muda mrefu, na katika mazungumzo ya kawaida halileti shida kwa kuwa muktadha huamua. Tukisema "usalama barabarani" hakuna anayefikiria wezi, na tukitaja Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa hakuna anayefikiria mikanda ya gari. Shida huanza pale maana zote mbili zinapokutana katika kifungu kimoja, na huwa kubwa zaidi zinapodai mambo yanayopingana.

Chukua mlango wa chumba cha udhibiti unaofungwa kwa kufuli ya umeme. Umeme ukikatika, kufuli hiyo ama itaachia ama itashika. Ikiachia, waliomo ndani watatoka moto ukizuka, lakini aliye nje naye ataweza kuingia. Ikishika, mvamizi atazuiwa, lakini waliomo ndani wanaweza kunaswa iwapo hakuna kitasa cha upande wa ndani kinachofungua bila umeme. Sasa soma sharti hili: "Umeme ukikatika, mlango ubaki katika hali salama." Mhandisi wa kinga ya moto ataelewa kwamba kufuli iachie, na mkuu wa walinzi ataelewa kwamba ishike. Kila mmoja wao amesoma Kiswahili sahihi, kwa hiyo kosa ni la aliyeandika.

Ushauri wangu ni kwamba katika hati zenu "usalama" libaki kwa maana ya watu na mazingira kutodhurika kutokana na hitilafu, ajali au kosa la mtumiaji, na "ulinzi" litumike kwa hatua za kumzuia mtu mwenye nia mbaya. Mgawanyo huu haulazimishi lugha, kwa kuwa kitenzi "linda" mara nyingi humdokeza adui ambaye mtu hulindwa dhidi yake, ilhali mtu au kitu huweza kuwa salama bila adui yeyote kutajwa. Wapo watakaosema kwamba "ulinzi" huleta picha ya askari wa getini, na kwamba "usalama wa mtandao" limekwisha kuzoeleka. Hilo la mtandao liacheni kama lilivyo, mradi mlieleze katika orodha ya istilahi mwanzoni mwa hati. Hata hivyo orodha peke yake haitoshi, na ndani ya sharti lenyewe taja nani anakingwa na dhidi ya nini: "Umeme ukikatika, lazima kufuli iachie ili waliomo ndani wautoroke moto bila ufunguo." Kwa njia hiyo hiyo, "tishio" liwe la mtu mwenye nia na "chanzo cha hatari" kiwe cha kitu au hali.

Katika maneno matatu uliyoyataja, tofauti ina uzito kwa sababu kila moja hujibu swali lake. Uhakiki huuliza kama kilichotengenezwa kinalingana na kilichoandikwa: sharti linasema kufuli iachie ndani ya sekunde 1, mhandisi anakata umeme, anapima, anaandika matokeo. Uthibitishaji huuliza kama mfumo unaifaa kazi iliyokusudiwa mahali utakapotumika: moshi ukitanda, taa zikizimika, na waliomo wakiwa wamevaa glavu nene, je, wanatoka? Mfumo unaweza kufaulu uhakiki wote na bado ukashindwa hapo, kwa kuwa sharti lenyewe liliandikwa vibaya. Uhakikisho ni hoja nzima, pamoja na ushahidi wake, inayompa mwenye mamlaka ya kuruhusu mtambo uanze kazi sababu ya kuuamini. Uhakiki na uthibitishaji huzaa ushahidi, na uhakikisho huupanga ushahidi huo na kuonyesha wapi bado kuna pengo.

Hapo ndipo ninapokiogopa kitenzi "hakikisha". "Mkandarasi ahakikishe mfumo ni salama" ni sentensi inayosikika ya uwajibikaji, lakini haimwambii mtu afanye nini. Andika "apime", "akague", "ashuhudie jaribio", kisha useme kwa kipimo gani na mbele ya nani.

Wale wanaofuata IEC 61508, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kielektroniki inayobeba kazi za usalama, hukutana na mtego mwingine. Kiwango hicho kina ngazi 4 za kuaminika kwa kazi ya usalama, nazo katika hati nyingi huitwa pia "viwango", kiasi kwamba msomaji anaambiwa kiwango kina viwango. Waachieni kiwango jina lake, na hizo 4 ziitwe "madaraja". Daraja la 4, kwa kazi inayotakiwa bila kukoma, huruhusu hitilafu ya hatari kwa wastani wa chini ya mara 1 katika saa milioni 100, na jambo zito namna hiyo halistahili neno lenye utata. Ningeliepuka pia "uadilifu", tafsiri ya "integrity" iliyomo katika jina la Kiingereza la madaraja hayo (safety integrity level), kwa kuwa uadilifu ni sifa ya mtu mwenye dhamiri, na kufuli haina dhamiri. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo mtathmini anavyotakiwa kuwa mbali zaidi na wabunifu, awe mtu mwingine, wa idara nyingine au wa taasisi nyingine. Kazi yake iitwe "tathmini huru", isichanganywe na uhakiki unaofanywa na timu yenyewe.

Hukuuliza kuhusu vitenzi, lakini huko ndiko utata hujificha zaidi. "Mlango utafunguka" kwa kiambishi -ta- ni utabiri, na msomaji hajui kama ni sharti au maelezo tu. Kwa sharti tumieni "lazima" pamoja na kitenzi cha kutegemea ("lazima mlango ufunguke"), kwa pendekezo "inashauriwa", na kwa ruhusa "inaruhusiwa". Kisha itazameni kauli ya kutendeka yenyewe. "Mlango unafunguka" huweza kumaanisha kwamba unajifungua, na pia kwamba mtu akitaka anaweza kuufungua. Katika hati ya mlango wa dharura, hizo ni kazi mbili zenye vifaa tofauti na majaribio tofauti. Kama maana ni ya kwanza, andikeni "lazima mfumo uachie kufuli bila mtu kugusa chochote". Kama ni ya pili, "lazima mtu aliye ndani aweze kuufungua kwa mkono mmoja, bila ufunguo wala kadi".