Ushauri wa Shangazi: Maziwa Yamekata, ya Ng'ombe Hayamkai Mtoto, na Mama Mkwe Haondoki

"Shangazi, nina miaka 26, nauza nguo Mwanjelwa, Mbeya. Mwanangu ana miezi mitatu na nusu. Maziwa yangu yamekata, nahisi kuna jicho. Nikimpa ya ng'ombe anatapika, anatoka vipele, anaharisha kamasi, na juzi nimeona damu. Ya kopo ya kawaida ni yale yale. Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu mtoto alipoanza kuharisha, tangu hapo kanipora, usiku analala naye yeye. Huyu ndiye kamharibu mtoto kwa maziwa yake ya kijijini. Kila siku wimbo ni hospitali, ili manesi wanione sijui kulea. Mume naye anataka nifunge duka miezi mitatu, kodi ya fremu alipe yeye, yaani nibaki wa kuombaomba. Vidonge vya majira nimeshaanza nisije nikabeba mimba nyingine. Je, nimpe maziwa ya mbuzi au uji mwepesi? Na huyu mama nimwondoeje bila ugomvi?"

Pole mwanangu. Pole hiyo itoshe, maana mtoto anayetoa damu chooni hasubiri sisi tubembelezane. Funga duka, chukua kadi ya kliniki, mpeleke leo. Huenda tumbo lake linakataa protini ya maziwa ya ng'ombe, huenda ni kuhara damu kwa vijidudu vya chupa. Anayeweza kutofautisha ni daktari, si mimi wala jirani yako wa fremu. Wakiona haja watakupa rufaa ya hospitali ya Meta. Ukiona amelegea, utosi umebonyea au hajakojoa kwa saa sita, usingoje hata asubuhi.

Sasa tuzungumze. Unasema mama mkwe kamharibu mtoto kwa maziwa ya Tukuyu, na hapo hapo unasema alikuja kwa sababu mtoto alishaanza kuharisha. Basi hayo maziwa ya kwanza alimpa nani? Bibi alikuwa bado yuko Tukuyu. Ulimpa wewe, au dada wa kazi kwa maagizo yako, wakati upo dukani. Na hospitali unayoiita wimbo ndiyo dawa pekee iliyotajwa katika barua yako nzima. Uzito wa mtoto hukuniambia. Kodi ya fremu umeniambia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyo mgeni wako unamtafutia njia ya kumtoa.

Jicho liache. Titi ni kama duka lako: bidhaa isiyotoka hutaagiza nyingine. Mtoto anashinda kwa dada, usiku analala kwa bibi, titi litajuaje kwamba kuna mnunuzi? Usiku ndipo mwili hutengeneza maziwa vizuri zaidi, na usiku huo wewe unalala fofofo. Halafu vidonge! Vile vya majira vya kawaida vyenye homoni mbili hupunguza maziwa. Mwambie nesi unanyonyesha, atakupa vya homoni moja au njia nyingine. Hilo nakusamehe, wengi huuziwa kaunta bila hata kuulizwa kama wananyonyesha.

Maziwa yaliyopungua hurudi. Titi la nyati hukamuliwa kwa mashaka, lakini hukamuliwa. Mweke mtoto titini mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwemo, na akimaliza kamua kilichobaki hata kiwe matone. Siku za mwanzo utalia. Yanaweza kuchukua wiki kadhaa, na wakati huo mtoto asilale njaa. Muulize daktari kuhusu maziwa ya kopo maalumu ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Ni ghali kweli, na hapo ndipo hela ya mumeo inapohitajika kuliko kwenye fremu. Usiyazimue ili yafike mwisho wa mwezi. Mnyweshe kwa kikombe, chupa inamfundisha uvivu.

Ya mbuzi usimpe. Protini yake inafanana mno na ya ng'ombe, na watoto wengi wanaokataa moja hukataa na ya pili. Maziwa yaliyoandikwa hayana laktosi nayo hayasaidii hapa, yametolewa sukari, protini ipo. Ya soya, mpaka daktari aseme. Uji ni baada ya miezi sita, hata bibi yake Tukuyu analijua hilo.

Daktari akithibitisha ni maziwa, kuna jambo litakuuma, maana sisi wa Nyanda za Juu chai bila maziwa tunaiona adhabu: protini hiyo hupita kwenye titi lako. Utaacha maziwa, mtindi, siagi na maandazi yaliyokandiwa maziwa kwa wiki mbili hadi nne mwangalie hali yake. Kula maharage, dagaa, mboga na parachichi, ushibe. Watoto wengi huyamudu maziwa wakikua, kwa hiyo usimtangazie ulemavu.

Kuhusu mumeo, mwanaume anayejitolea kulipia fremu isiyoingiza shilingi ili mkewe anyonyeshe, mimi ningemchinjia kuku. Ninyi wa siku hizi mnakaa vikao vya harusi miezi mitatu, kuna katibu, kuna mweka hazina, kadi zinatumwa hadi kwa watu msiosalimiana. Uzazi haukaliwi kikao hata kimoja. Nani atafua, nani atashika duka, mama atapumzika siku ngapi, hakuna anayeuliza. Mwajiriwa sheria imempa siku 84 za likizo ya uzazi. Wewe uliyejiajiri ulijipa ngapi? Mumeo anakuongezea siku zako, unaona anakufunga kamba.

Ya kumwondoa mama mkwe sikushauri. Mtoto leo alale kwako. Mama mkwe mwombe kwa adabu alale chumba hicho hicho, akuamshe mtoto akilia, maana wewe usingizi wako tumeshausikia. Na kesho mpe zamu ya kukushikia mtoto wakati unakamua.